Kipa Aliyeuza Mechi

Taratibu alishuka ngazi za jukwaa akishika chuma cha pembeni, maana goti lake la kushoto lilikuwa limegoma tangu asubuhi. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituoni wote walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Mshukiwa akifoka, taratibu. Mkuu wa kituo akifoka, taratibu. Alikuwa mpelelezi aliyebakiza miezi michache astaafu, na tangu kesi hii imwangukie hakuwa akila vizuri wala kulala vizuri, na hata chai ilikuwa imeacha kumpendeza.

Chini, kwenye kona ya uwanja, hatua chache nyuma ya kibendera, kulikuwa na shimo. Mafundi walikuwa wakibandua njia ya zamani ya wakimbiaji ili waweke mpya. Wakakuta kifusi, wakachimba, wakakuta kuta za zege, wakachimba tena, wakakuta mtu. Mifupa mitupu, ya miaka mingi, fuvu limepasuka kisogoni. Lakini miguuni bado palikuwa na viatu vya mpira, na viatu vile havikufungwa kwa kamba za dukani. Vilifungwa kwa uzi mnene uliokatwa kwenye wavu wa goli.

Mji mzima uliujua uzi ule. Ni Kufuli peke yake aliyefunga viatu namna hiyo, kipa wa timu ya mji enzi hizo. "Wavu nimeufunga miguuni," alikuwa akijigamba, "nani ataugusa mgongoni?" Na kwa misimu mingi hakuna aliyeugusa, mpaka siku ya fainali, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Dakika za mwisho mpira laini ulipita katikati ya mabeki, ukampita na yeye, timu ikalala kwa goli moja. Jioni ile ile Kufuli akatoweka. Mji ukakaa ukaamua: kauza mechi, kachukua chake, kavuka mpaka.

Simu ikalia. Taratibu aliitazama kwanza, akashusha pumzi, ndipo akaipokea.

"Ripoti iko wapi?" Mkuu aliuliza bila salamu.

"Inakuja, Mkuu."

"Jumamosi tunafungua uwanja. Wageni wamealikwa, jina jipya linaandikwa ukutani sasa hivi. Sitaki maiti kwenye ufunguzi."

"Maiti ilishatolewa, Mkuu."

"Basi itoe na kwenye faili. Aliondoka, akarudi, akafa. Maneno matatu tu, Taratibu. Unashindwa maneno matatu?"

"Taratibu, Mkuu."

Simu ilikatwa. Maneno matatu! Angeweza kuyaandika pale pale juu ya goti lake bovu, akaenda zake kulala. Kilichomzuia ni mwanamke mmoja na cherehani yake.

Jana yake alikuwa amekwenda kwa mke wa Kufuli, mama mshonaji wa sare za shule, ambaye cherehani yake ilikaa barazani miaka yote ikitazama barabara. Taratibu alimwekea mezani kipande cha ule uzi kwenye mfuko wa plastiki. Mama akaugusa kwa kidole, juu ya plastiki, hakulia.

"Ni yeye," alisema. "Mimi ndiye niliyemkatia, kwa mkasi huu. Sasa nisikilize, baba. Muuaji sikuombi, huyo ni kazi yako. Mimi nataka kujua jambo moja. Alikufa siku ile, au alikufa baadaye?"

"Kuna tofauti gani, mama?"

"Una mke?"

"Ninaye."

"Basi unaijua tofauti. Kama alikufa siku ile, mimi ni mjane. Kama alikufa baadaye, basi aliniacha kweli, alikula pesa kweli, na wale waliokuwa wakinitemea mate sokoni walikuwa na haki yao. Mwanangu amefuta jina la baba yake kwenye vyeti vyake vyote. Akiniuliza, nimjibu nini?"

Taratibu aliaga akaondoka, na swali lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Uwanja wenyewe haukuwa wa kusaidia. Mwanzo kabisa pale palikuwa machimbo ya udongo wa matofali. Nusu ya nyumba za mji zilitoka kwenye shimo lile. Udongo ulipokwisha shimo likafukiwa, likasawazishwa, watu wakaanza kupiga mpira. Likaja Jukwaa la Kivuli la wenye nazo, halafu ng'ambo Jukwaa la Jua la wasionazo. Baadaye kila mwenye shughuli akauona unamfaa: gwaride, mahubiri, mahafali, mashindano ya baiskeli, chanjo, hata wenyeji waliokimbia mafuriko walilala pale. Mwishowe Michezo ya mikoa ilipopangwa kufanyika mjini miezi michache baada ya fainali ile, wakauzungushia njia ya wakimbiaji, na ukaanza kuitwa uwanja wa michezo yote. Kufaa kwa yote, kama ujuavyo, ni kutofaa sawasawa kwa lolote. Na mafuriko yakapitia kwenye stoo yakala kila karatasi. Taratibu alikuwa amezunguka wiki nzima akiuliza habari za Michezo ile, maana kama shimo lilikuwa bado wazi siku zile, Kufuli alizikwa baadaye. Mji uliokumbuka kila goli haukumkumbuka mkimbiaji hata mmoja.

Ofisi ya Nahodha ilikuwa chini ya Jukwaa la Kivuli, na dirisha lake lilitazama uwanja. Wakati ule wa Kufuli alikuwa beki na nahodha wa timu. Siku hizi alikuwa mwenyekiti wa bodi ya uwanja, na mkwasi. Nje, mchoraji alikuwa juu ya ngazi akiandika jina lake ukutani kwa herufi kubwa kuliko mtu. Jumamosi uwanja ungeitwa kwa jina hilo.

"Ndugu yangu Inspekta! Karibu, karibu. Na Sajini wako, karibu mama. Chai?"

"Tumeshakunywa," alisema Taratibu, ambaye hakuwa amekunywa. Sajini, mwanamke wa makamo mwenye miguu mirefu, alikaa karibu na mlango akafungua kalamu. "Tusaidie mara ya mwisho. Nani alimwona Kufuli wa mwisho?"

"Mimi. Nimesema, narudia, sina la kuficha. Mashabiki wa Jukwaa la Jua walikuwa wamezingira lango kuu na mawe mkononi. Wenzetu wakapakiwa basini, wakaondoka. Yeye wangemuua. Nikabaki naye chumba cha kubadilishia nguo mpaka watu wakapungua, nikamtoa kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia, nenda kwa mkeo. Hakwenda."

"Alivaa nini?"

"Jezi yake. Hakutaka hata kuoga."

"Na viatu?"

"Vile vile."

Taratibu alikuna kidevu. "Sasa mtu anavuka mpaka na pesa zake, anakaa miezi huko, anarudi, na bado amevaa viatu vya mechi?"

Nahodha alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuchekewa. "Humjui Kufuli. Yule alikuwa anaweza kulala navyo! Pengine alirudi kutuomba radhi, akavivaa ili tumtambue. Mungu amrehemu. Mimi nilimsamehe zamani."

"Lile shimo lilikuwa la nini?"

"La wale wanaokimbia wakiruka viunzi. Wanaruka kiunzi, wanaangukia kwenye maji, wanatoka, wanaendelea. Vichekesho."

"Uliliona likitumika?"

"Mara moja tu? Siku ya kwanza ya Michezo nilikaa hapa juu, mgeni wa heshima." Alisimama, akaenda dirishani, akanyoosha mkono. "Wakatokea kule kwenye ubao wa magoli. Wakaja, wakaja, wakaruka pale, pwaa! Maji mpaka jukwaani. Wakaendelea kuelekea lango kuu. Watoto walicheka mpaka basi. Michezo ilipokwisha maji yakalala, mbu wakajaa, ndiyo likafukiwa. Mimi siku hizo nilishapanda ndege kwenda kucheza nje."

"Kwa hiyo aliyezikwa mle alizikwa wakati wewe uko nje."

"Umesema wewe," Nahodha alijibu akitabasamu. "Jumamosi nitakuwekea kiti mbele, ndugu yangu. Umechoka, inaonekana."

"Nimechoka," Taratibu alikubali, na hakuwa anatania.

Nje, Sajini alisema kwa sauti ya chini, "Afande, habari za ndege hatukumuuliza."

"Hatukumuuliza."

Walirudi kwenye shimo. Taratibu aliteremka kwa ngazi, goti likimlaani kila hatua. Lilikuwa shimo la kuta nne, refu kama kitanda na nusu, lenye sakafu ya mteremko: upande mmoja kina cha kifua cha mtu, upande wa pili sakafu imepanda mpaka ikakutana na ardhi. Upande wa kina, juu ukingoni, palikuwa na visiki viwili vya chuma ambako kiunzi kingesimama. Kufuli alikuwa amekutwa pale penye kina.

Alipapasa ukuta. Mistari ya mbao zilizoshikilia zege lilipomwagwa ilikuwa bado mikali, unaweza kuhesabu hata vifundo vya mbao. Alitafuta alama ya maji, ule mstari wa kijani au wa kutu ambao kila tangi, kila kisima, kila pipa huacha. Hakuuona. Akachuchumaa kwa shida kwenye tundu la bomba la kutolea maji, akaingiza kidole, akavuta. Kikatoka kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, kilichosokotwa kikashindiliwa.

"Sajini, mafundi wakimwaga zege, bomba wanaliziba kwa kitu gani?"

"Kwa karatasi, ili zege lisiingie."

"Na wanaitoa lini?"

"Wakimaliza. Kabla ya kujaza maji."

Taratibu alimpungia ile karatasi. Halafu akakumbuka jambo jingine, lililoandikwa na daktari na ambalo yeye alilisoma bila kulitilia maanani: chini ya mifupa hakukuwa na tope, hata la kupaka ukucha. Mtu alilala juu ya zege safi.

Alipoinua macho alimwona Sajini kaganda juu ya ukingo, anatazama ubao wa magoli, halafu lango kuu, halafu shimo. Kisha akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Kuna nini?"

"Afande, samahani. Mimi nilikimbia mbio hizi kwenye michezo ya polisi, kabla sijazaa. Mnazunguka uwanja, na uwanja uko mkono wa kushoto, siku zote, popote ulimwenguni. Unafika kwenye kiunzi, unaruka, unatua maji ya kina, unapanda mteremko, unatoka. Si ndiyo?"

"Kama wewe unasema."

"Sasa hapa, uwanja ukiwa kushoto kwangu, natokea lango kuu." Alitembea kuonyesha. "Nafika kwenye shimo. Kwanza nakanyaga maji ya miguuni. Nateremka. Nazidi kuzama. Halafu kiunzi kiko mwisho, juu ya ukuta, na mimi niko chini nimelowa kifua. Afande, wamelijenga kinyumenyume! Hakuna mtu amewahi kuruka hapa. Angevunjika taya."

Taratibu alikaa juu ya mteremko. "Na yeye anasema walitokea ubaoni."

"Anayetoka ubaoni kuja huku, uwanja uko kulia kwake. Hakuna mbio za hivyo. Amelitazama shimo, akabuni wakimbiaji wa kulifaa."

Fundi Zege, aliyekuwa nyapara wa ujenzi ule, aliletwa adhuhuri kutoka kwenye kiwanda chake cha matofali ya saruji. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, na aliposikia swali alianza kujitetea kabla hajashutumiwa.

"Mchoro haukuwa na mshale, afande! Nitajuaje? Sisi ni watu wa mpira. Mpira unakwenda huku, unarudi huku. Nani aliniambia wenzetu wanakimbilia upande mmoja maisha yao yote?"

"Nani aligundua kosa?"

"Mkaguzi wa riadha. Alikuja Ijumaa, fainali ilikuwa Jumamosi. Akasimama hapa, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Akasema fukieni, mbio hizo tutaziondoa kwenye ratiba. Mkandarasi akasema sawa, Jumatatu. Kifusi tukakirundika hapa pembeni tayari, na mabeleshi."

"Nani wengine walisikia?"

"Mimi, mkandarasi, mkaguzi. Hao wawili sasa ni marehemu. Ah, na Nahodha! Alikuja na malalamiko ya wachezaji kwamba shimo liko karibu mno na kona, mtu atakwenda kupiga kona atumbukie. Akasikia 'fukieni' na 'Jumatatu', akapiga makofi, akaondoka kifua mbele, anajua ni yeye ameshinda. Sababu hasa hakungoja kuisikia."

Sajini aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake. Taratibu akamfanyia ishara ya mkono: taratibu.

"Jumatatu mkalifukia."

Fundi Zege alikohoa. Akakuna shingo. Akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo.

"Mzee, nimekuuliza."

"Jumatatu tulikuta limeshafukiwa."

"Na nani?"

"Sisi tukadhani watunza nyasi. Watunza nyasi wakadhani sisi. Mkandarasi akatulipa ujira wa kufukia, tukapokea, tukanyamaza. Afande, kazi ya beleshi kwenye jua lile, ukiikuta imejifanya yenyewe, utauliza baba yake ni nani?"

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Ucheshi ulikuwa umemwisha. "Tulileta kile chuma cha kushindilia tukashindilia juu, ili njia isije ikabonyea." Alisogea ukingoni, akachungulia chini palipokuwa na alama za chokaa walizochora polisi. Akavua kofia. "Kumbe tulikuwa tunamshindilia yeye. Na jioni tulikaa tukamtukana, sisi na vijana wangu wote, tumekaa hapa hapa juu yake."

Sajini alimpa maji ya kunywa, akayashika tu.

Nahodha alikuja shimoni mwenyewe, mikono mfukoni, alipoambiwa Inspekta anataka maelezo madogo ya mwisho. Fundi Zege walikuwa wamemkalisha mbali, Jukwaa la Jua.

"Nionyeshe tena," Taratibu alisema, "nimezeeka vibaya, nisije nikaandika uongo. Wakimbiaji walitokea wapi?"

"Nilishasema. Ubaoni."

"Simama kama wao. Tazama wanakokwenda. Uwanja uko mkono gani?"

"Wa kulia. Kwani vipi?"

Sajini ndiye aliyemweleza, kwa kutembea, kama alivyokuwa amemweleza Taratibu. Alitoka upande wa lango kuu, akaingia kwenye mteremko, akateremka mpaka ukuta ukamfika kifuani, akasimama pale akimtazama kutoka chini. Nahodha alifuatilia kila hatua.

"Miaka mingi," alisema mwishowe. "Labda nimechanganya upande. Mtu husahau."

"Upande husahaulika," Taratibu alikubali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kulala. "Lakini sauti hukuisahau. Pwaa, maji mpaka jukwaani. Shimo hili halijawahi kuwekwa maji. Karatasi ya mafundi nimeitoa kwenye bomba leo mimi mwenyewe. Lilifukiwa kati ya Jumamosi ya fainali na Jumatatu asubuhi, na mtu aliyejua kwamba Jumatatu mafundi watakuja na kazi hiyo hiyo. Waliojua walikuwa wanne. Wawili wamekufa, mmoja amekaa pale juu ameshika kofia. Na wa nne ndiye aliyebaki na Kufuli baada ya basi kuondoka. Si mimi ninayesema hayo. Umeyasema wewe, mara tatu, na Sajini ameandika."

"Una ushahidi gani kwamba..."

"Mwenyekiti!" Mchoraji alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye ngazi yake. "Herufi hii ya mwisho niimalizie, au nisubiri rangi ile nyingine?"

Nahodha aligeuka kulitazama jina lake ukutani. Lilikuwa zuri kweli, mchoraji alijua kazi. Alilitazama muda mrefu, kisha akakaa chini kwenye ukingo wa zege.

"Asubiri," alisema, lakini si kwa sauti ya kusikika huko juu.

Taratibu naye alikaa, maana goti halikumpa hiari. Wakakaa hivyo bega kwa bega, miguu yao ikining'inia shimoni.

"Aliniona," Nahodha alisema. "Ule mpira ulikuwa wangu, nikauacha upite, nilikuwa nimeshalipwa. Watu wote walimtazama yeye. Lakini kipa, ndugu yangu, kipa anakaa nyuma yetu, anaona kila mgongo. Tulipobaki wawili hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, kwa nini? Nikamwambia tutoke kwa huku nyuma, tuzungumze tukitembea. Tukafika hapa. Akasema, kesho nakwenda kuwaambia, bora uwaambie wewe kwanza, utapata nafuu. Bado alikuwa ananifikiria mimi! Nikamsukuma. Ni kusukuma tu, wallahi, kama mnavyosukumana kwenye kona. Kisogo kikafikia kwenye zege."

"Halafu?"

"Kifusi kilikuwa pale. Na mabeleshi."

"Alikuwa amekufa?"

Nahodha hakujibu. Alikuwa akizitazama alama za chokaa. Taratibu alikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili, na kazi ilimtaka aulize. Hakuuliza. Wengine wangeuliza, kituoni, kesho. Leo alikuwa na nyumba moja ya kwenda, na jibu hilo hakutaka kwenda nalo.

Sajini alimfunga pingu Nahodha kwa adabu, akamwongoza garini. Simu ya Taratibu ilikuwa inalia tena.

"Maneno yangu matatu yako wapi?" Mkuu aliuliza.

"Yamepungua, Mkuu. Limebaki moja."

"Lipi?"

"Hakuondoka."

Mkuu alianza kusema jambo kuhusu Jumamosi, kuhusu wageni, kuhusu rangi iliyokwisha kununuliwa. Taratibu aliishusha simu ikaendelea kuzungumza peke yake mfukoni.

Alasiri ile mama mshonaji alikuwa akishona kola. Aliposikia hodi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akabaki amelishika.

"Siku ile, mama," Taratibu alisema akiwa bado amesimama, kwa sababu aliona si haki kumngojesha hata akae. "Siku ile ile. Hakutoka nje ya ukuta wa uwanja. Na mechi hakuiuza yeye. Aliyeiuza tumemkamata, na amekiri."

"Siku ile," mama alisema.

"Naam."

"Nilimwekea chakula, nikakifunika. Watu wakaja kupiga mawe juu ya bati, wakapiga kelele kwamba kakimbia na pesa. Walipoondoka nikatoka nikakimwaga chakula chote. Nikasema, alale na njaa huko huko aliko." Alishusha mkono kutoka kwenye gurudumu. "Kumbe."

Taratibu aliegemea nguzo ya baraza, goti likimuuma.

Mama alikata uzi, akaikunja sare ambayo haijaisha akaiweka kando. Akaisukuma cherehani mpaka ukutani. Ilikuwa nzito, Taratibu akasaidia. Halafu akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika pale pale barazani, mbele kabisa, ambapo mpita njia hangeweza kusema hakuona.

"Unafanya nini, mama?"

"Mtu akikimbiwa na mume, baba, watu hawaji kumpa pole. Wanakuja kumchungulia. Mimi sijapewa pole hata moja, na hata ndugu zake hawakuja." Alikaa, akanyoosha miguu, akajifunika kichwa kwa mtandio. "Nipigie mwanangu kwa hiyo simu yako. Mwambie arudishe jina la baba yake. Halafu mwambie aje, nyumbani kuna msiba."

Taratibu alipiga. Alisema maneno machache, akasikiliza, akasema tena, "Ndiyo. Siku ile ile." Akakata. Barabarani watu wawili walikuwa wamepunguza mwendo, wakimtazama mama, wakitazamana, wakaendelea na safari. Simu ikaanza kulia tena, Mkuu. Kulikuwa na mahabusu wa kuandikisha, na ripoti, na goti lake, na kitanda chake.

Aliizima simu. Akainama, akafungua kamba za viatu, polepole, kimoja halafu kingine, akaviweka chini ya baraza. Akakaa mkekani.

"Pole, mama," alisema.

"Nimeshapoa, baba," mama akajibu, kama ijibiwavyo, na hapo ndipo alipolia.